Mtoto wa Arubaini Anarudi Takaungu

Mwanangu Maryamu,

Salamu sina haja ya kukupa, maana uko chumba cha pili na sauti yako naisikia. Unacheka na wageni. Tangu asubuhi nimetaka tukae sisi wawili peke yetu na haikuwezekana. Kila nikiukaribia mlango nakuta mwanamke mwingine amekaa kitandani kwako, anakunja khanga ambazo hakutumwa kuzikunja. Basi nimekuja jikoni, nimekaa juu ya kibao cha mbuzi, karatasi iko pajani, na wakidhani nakuna nazi sawa. Kesho mumeo Swaleh atakapokuja kuwachukua, barua hii nitaitia chini ya nguo za mwanao Athmani. Isome ukiwa peke yako, mkishavuka feri.

Sitakuandikia namna ya kumwosha mtoto wala ya kumfunga winda. Arubaini yote uliyoikaa hapa kwangu umeyaona hayo na kuyafanya, na mengine sasa unanishinda. Najua hutamnyanyua kwa mkono mmoja. Najua hutatia pini kwenye winda. Najua akitoka damu utakandamiza kwa kitambaa safi na hutaondoa kidole kuchungulia. Nataka kukuandikia habari nyingine. Nimejaa kinyaa, mwanangu, na nisipokitoa hapa nitawatapikia wageni.

Ulimsikia mwenyewe dadake mavyaa wako. Juzi alikuja na halua na tambuu, akakaa pale kwenye mkeka, akamsifu mtoto mpaka nikachoka kusema mashallah. Kisha, huku anajifuta vidole, akatuarifu kwamba dada yake, Bi Salma mamake Swaleh, ameshamwagiza ngariba, Ijumaa Athmani atatahiriwa, na kondoo yuko bandani ananoneshwa. Alisema kama mtu anayetuambia mvua itanyesha. Nikamwuliza kama Bi Salma anakumbuka alichosema daktari wa Mombasa. Akanijibu kwamba madaktari wana maneno yao, nao wana dini yao.

Dini! Swaleh mwenyewe alikwenda kwa mwalimu wa msikiti wao akamweleza ugonjwa wa mtoto, na mwalimu akamwambia mgonjwa huachwa mpaka aweze, na asipoweza maisha yake yote basi hana dhambi. Waliiuliza dini, dini ikawajibu, na jibu halikuwapendeza. Kinachowasukuma watu hawa ni kondoo na wageni. Wameshawaalika watu na sasa wanaona haya kuwaambia msije.

Na lile la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, akidhani mimi nimeinuka kwenda kumimina kahawa. Alikwambia, "Nasi hatukuambiwa kwamba kwenu muna damu mbaya." Wewe ukainamisha uso. Nilikuona.

Waliambiwa, Maryamu. Siku ya posa, Bi Salma alikaa hapa hapa nyumbani kwangu na mimi nikamweleza kwa kinywa changu kwamba ndugu yangu alikufa kwa kutoka damu, na kwamba inawezekana jambo hilo likaja kwa watoto wako wa kiume. Alicheka. Akanishika goti akasema, "Bi Zuhura, kila nyumba ina lake." Nilimpenda kwa maneno yale, nakwambia kweli, nilidhani mwanangu amepata mavyaa mwenye akili. Kumbe alikuwa hanisikilizi, alikuwa anaangalia sura yako na rangi ya nyumba.

Omari, huyo ndugu yangu, unamjua kwa jina tu. Alikuwa mdogo wangu, mwenye maneno mengi, akipenda kuiga watu wanavyotembea, na sote tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinatuuma. Alipofika umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani wakamtahiri, katika nyumba ya babu yako, na watu walitoka Mambrui na Lamu. Ngariba alikata, damu ikatoka kama inavyotoka kwa kila mtoto, kisha haikukoma. Wakatia majivu, wakatia kahawa iliyosagwa, wakatia utando wa buibui. Wakafunga, wakafungua, wakafunga tena. Chini watu wanakula pilau na matari yanapigwa. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa, nashuka na beseni la vitambaa, napanda na maji, na kila nikipita ukumbini mtu ananiambia niongeze mchuzi. Hakuna aliyeyanyamazisha matari. Wageni walikuwa wametoka mbali na ingekuwa aibu kuwaambia. Umewahi kuniuliza kwa nini pilau ya harusini siigusi, nikakwambia inanipa kiungulia. Si kiungulia.

Mwisho akaitwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda. Alimtazama Omari, akamgeukia bibi yako, akamwuliza kama kwao kuna mtu mwingine aliyewahi kutoka damu namna ile. Bibi yako akasema, "Kwetu hapana." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na beseni mkononi. Na huku kaka zake wawili walikwishakufa kwa jambo hilohilo, mmoja aliyeng'olewa jino na mmoja aliyetahiriwa, na sisi watoto tulijua, kwa sababu watu wazima hudhani watoto wanaolala hawasikii.

Tena sikiliza walivyofanya wazee wetu, maana hapa ndipo ninapochukia hata kuzaliwa miongoni mwao. Alipokufa yule kaka aliyetahiriwa walisema ngariba ana mkono mzito, wakamtafuta mwingine kutoka Siyu. Zamu ya Omari ilipofika wakabadilisha wembe, wakabadilisha na mwezi, wakamweka mtu akausomea ule wembe dua usiku kucha. Kila kitu kilibadilishwa isipokuwa kukata kwenyewe. Na hakuna hata mmoja aliyekaa akajiuliza kwa nini wanaokufa wote ni watoto wa mabinti wa nyumba moja.

Bibi yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabinti wa kuozwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nani angeposa katika nyumba ambayo wavulana wake wanamwagika? Akachagua jina la nyumba, na Omari akafa akiomba maji. Baadaye watu walisema ni husuda, mtu fulani alimtia jicho kwa vile alivyokuwa mchangamfu. Bibi yako aliitikia. Husuda haimchafui mtu jina.

Nilisomea uuguzi kwa ajili ya Omari, ingawa nyumbani nilisema napenda sare nyeupe. Nilidhani hospitalini hakuna matari. Yapo, ila yanapigwa kwa namna nyingine. Katika wodi ya wazazi ya kwanza niliyopangiwa, hospitali ambayo sitaitaja, palikuwa na mama mmoja wa Kigiriama kutoka Ganze, akiitwa Kadzo. Mwanawe alizaliwa mzima, ila macho yalikuwa na manjano, na mwanafunzi mmoja akatumwa kumtoboa kisigino apimwe damu. Akatoboa, akabandika pamba na plasta, akaenda zake kunywa chai. Nilipoingia mimi pamba ilikuwa imelowa, shuka imelowa, na godoro limeanza kunywa. Na kando ya kitanda wamesimama wakubwa zangu wawili wanagombana. Unajua waligombania nini? Shuka. Ile shuka yenye damu ihesabiwe kwa dobi katika zamu ya nani. Mtoto wa watu amelala hapo kati anapauka, nao wanaoneshana saa. Kisha mmoja akamgeukia Kadzo akamwambia amebandua plasta mwenyewe kwa ushamba wake. Kadzo alisema mara moja tu, "Sikugusa mimi."

Nikakaa kitandani nikakishika kile kisigino. Nilikandamiza mpaka vidole vikafa ganzi, nikabadilisha mkono, nikaendelea. Hapo ndipo nilipoifahamu kazi hii. Uuguzi wa watoto wa damu isiyoganda hauna ushujaa wowote wa kusimulia. Ni kutochoka na kutochokonoa. Hufuti, husugui, huvutiki kutazama kama imekoma. Unakandamiza, unangoja, na unawazuia watu wasimguse bila sababu. Hilo la kuwazuia watu ndilo lililonishinda. Kisigino nilikikandamiza, na mdomo wangu nao nikaukandamiza. Wale wawili sikuwaambia neno, kwa vile walikuwa wakubwa zangu. Mtoto alichukuliwa na gari la hospitali kwenda Mombasa siku ileile na Kadzo ameketi nyuma amemshika, wala sikumwona tena. Kila nikikumbuka natamani ningeichukua ile shuka nikawatupia usoni.

Ulipopata mimba nikaapa kwamba safari hii sitanyamaza, na ulishuhudia. Nilikwenda nawe leba, nikamwambia mkunga mtoto asivutwe kwa mashine hata uchungu ukichelewa. Ile sindano ya vitamini ya kuzuia damu wanayochomwa watoto wachanga, nilitaka ichomwe kwa sindano nyembamba kuliko zote, na mahali pale nikapakandamiza mwenyewe huku daktari ananitazama kama mwendawazimu. Kisigino hawakukigusa. Nywele za akika tulizikata kwa mkasi badala ya wembe, na hilo nalo likasemwa mpaka sokoni. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimegombana na kila mtu mwenye koti jeupe.

Kisha akaja Bi Fatuma mkandaji.

Wewe umejilaumu kwa siku ile na sitaki ujilaumu. Bi Fatuma alinikanda mimi nilipokuwa mchanga, akakukanda wewe, na siku ile alitoka kwao mtaa wa Shela, hapahapa Malindi, kwa miguu, jua kali, jicho moja halioni, na chupa yake ya mafuta ya ufuta kwapani. Hakuitwa, na mkandaji haitwi, anasikia kumezaliwa anakuja. Mimi niliyewafokea madaktari sikuweza kumwambia mwanamke yule rudi. Nilimwambia tu, "Bi Fatuma, taratibu." Akacheka, akasema ameikanda nusu ya Malindi na hajavunja mtu. Akamlaza Athmani juu ya miguu yake, akamkunja mikono, akamvuta miguu, akaukutanisha mguu na mkono, akamgeuza, akambana mapaja kwa vidole gumba vile anavyofanya. Nami nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa ya mgeni. Nilijua. Kila alipombana nilijua, na nilikuwa nahesabu vikombe.

Jioni yake ukaniita ukaniambia mguu haukunjiki. Paja lilikuwa gumu, limeiva kama biringani. Watu wamekwambia ni kadari, na wengine wamesema Bi Fatuma amezeeka. Haikuwa kadari wala uzee wa Bi Fatuma, aliyefanya kazi anayoijua kwa mtoto ambaye yeye hakuambiwa habari zake. Ilikuwa aibu yangu mimi. Nimechukia matari ya nyumba ya babu yako maisha yangu yote, na siku yangu ilipofika nikasimama na sinia.

Mombasa ulikuwepo, uliona daktari alivyoitia damu ya Athmani katika kichupa cha kioo, akangoja, akakiinamisha, na damu ikateremka kama maji. Akaniuliza swali lile. Kama kwetu kuna mwingine. Nikasema wapo, nikamtajia Omari, nikamtajia wajomba, aliyeng'olewa jino na aliyetahiriwa. Hakupoteza wakati tena. Mtoto akatundikiwa plazima, yale maji ya damu yanayogandisha, siku ileile, na paja likaanza kulegea. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unapitia kwa wanawake wasioumwa na unawaangukia wavulana, na wewe ukalia ukasema umemuua mwanao. Hukumuua. Huna ulichokifanya. Ulizaliwa nayo kama ulivyozaliwa na pua yangu.

Lakini kumbuka na lile alilolisema tulipokuwa tunatoka. Kwamba siku hizi kuna ugonjwa mpya unaopita katika damu za watu, na huku kwetu bado hawana njia nzuri ya kuupima. Damu itamwokoa Athmani siku akiihitaji, na siku hiyo usisite. Ila kila chupa atakayotundikiwa iwe ni kwa sababu alianguka, au jino limeota vibaya, au Mungu ameandika. Isiwe kwa sababu watu walitaka kula nyama Ijumaa.

Na akitoka damu mkiwa Takaungu, usimsikilize atakayekwambia mvuke mwende Kilifi kwa kuwa ni karibu. Mtangoja feri, mtavuka, na kule watawarudisha Mombasa, mvuke tena. Tokeni moja kwa moja barabara kuu, mwende Mombasa, na umwambie daktari wa kwanza utakayemwona jina la ugonjwa kabla hajashika sindano.

Swaleh ni mwema. Ukarani wake wa shamba la mkonge anaufanya kwa uaminifu na wewe anakupenda, hilo silikatai. Kule hospitalini alisikia kila neno. Nilimkuta kwenye veranda analia amejificha nyuma ya nguzo. Sasa nilipompigia simu dukani kwa jirani yao nikamwuliza habari ya ngariba, akaniambia, "Mama atasikitika." Nikakata simu. Mtu mzima mwenye ndevu! Halafu nikamkumbuka Bi Fatuma na chupa yake, nikaona sina haki ya kumcheka sana. Swaleh atamfuata atakayesema mwanzo na atakayesema kwa nguvu. Hakikisha ni wewe.

Nilifikiri nikuzuie usiende. Sikufichi. Jana nilikuwa nimeshapanga nitakayosema, kwamba mtoto hajapona, kwamba wewe una homa. Kisha nikakuona unaipiga pasi ile kanzu ya Swaleh uliyomshonea, unairudia kola mara ya pili na ya tatu, na nikajua ukibaki utabaki mwili tu. Nenda kwa mumeo. Sitaki uwe mwanamke anayeishi kwa mamake kwa sababu ya kuogopa nyumba yake mwenyewe.

Watakapokupokea hawatakufokea. Si watu wa kufoka. Watakuweka kati, watakutia udi, watakulisha, na wanawake wakishajaa Bi Salma atakuuliza kwa upole, mbele yao wote, kwani kwenu kuna ubaya gani wa damu. Nakujua, Maryamu. Ulimi wako utakimbilia kunitetea. Utataka kusema kwetu hatuna ubaya, madaktari wamezidisha tu, sisi ni watu safi. Na ukishasema hivyo ngariba atafungua mkoba wake, maana mtoto wa watu safi anakatwa kama watoto wote.

Usinitetee. Waambie, "Ndiyo, damu ya kwetu haigandi. Bibi yangu alikuwa nayo, mama yangu anayo, mimi ninayo, na mwanangu anayo. Akikatwa atakufa, na nitamtaja aliyemkata na aliyemshika." Liseme kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wasikie mpaka wanaume wa barazani. Watasema nimewauzia kitu kibovu. Watasema nilificha. Watasema nyumba yangu ni chafu tangu bibi yangu, na Takaungu yote itajua kabla ya adhuhuri, na Malindi itajua kesho yake. Waache. Jina langu hata walikate vipi halitoki damu.

Jumamosi nitakuja. Nikibisha hodi na hapana wa kuniitikia, nikakaa barazani kwao na hakuna aliyeniletea hata maji, na kutoka ndani nikasikia Athmani anapiga kelele za kutaka ziwa, nitajua umelisema, na nitakaa hapo hapo kwa raha zangu mpaka unifungulie.

Mamako akupendaye,
Zuhura